Milimita za Baba

Watu wa Malangali walishamzoea Bertilla: binti mzima, kamaliza kidato cha sita, kila siku saa tatu asubuhi anachungulia kopo la kupimia mvua nyuma ya nyumba na kuandika daftarini. Miaka mitatu sasa. Wapo waliomwita mganga wa mvua, naye hakununa. Alitaka kuwa mwanasayansi wa tabianchi, basi.

Chuo kilikuwa kimemkubali asomee hali ya hewa. Kabla ya kwenda, alitaka kujitolea miezi michache kwenye kituo cha hali ya hewa cha mjini, na mkuu wa kituo, Bi Kulsumu, alimwambia aje na daftari lake. Nafasi ilikuwa moja, walioitaka watano.

Asubuhi ya kwenda huko, wakinywa chai, baba yake, mzee Leonardi, alichangamka. "Zile siku nne za Februari ulipolazwa, nilikujazia jana usiku. Milimita ishirini, ishirini, ishirini, ishirini."

"Ulipima, baba?"

"Nilikadiria kwa matope ya shambani siku zile. Daftari lenye mapengo linatia aibu, mwanangu."

Angemkasirikiaje? Alimpenda mno mzee huyu. Akapanda bodaboda, daftari mkononi.

Bi Kulsumu aliitikia shikamoo yake, akafunua ukurasa mmoja mmoja. "Mashaallah. Miaka mitatu, hakuna hata pengo."

Hapo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Bertilla akasema yote, mpaka habari ya matope.

Bi Kulsumu akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Kisha akafungua daftari kubwa la kituo, akaweka kidole kwenye mistari miwili mitupu. "Hapa nilikuwa zamu peke yangu, uchungu ukanishika. Aliyezaliwa yuko darasa la pili. Kata hizo ishirini zote, andika haikupimwa. Jumatatu saa tatu kasoro robo uwe hapa."

"Na nyumbani nani atapima?"

"Baba yako. Ila mwambie asipime kwa huruma."

Bertilla alirudi furaha imemjaa, akamweleza baba yake bila kumficha neno. Leonardi akainamisha kichwa, aibu imemshika. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akamwita.

"Njoo unionyeshe. Maji yakisimama katikati ya mistari miwili, naandika ngapi?"