Unene wa Kali

Kipsang, mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja karibu na Elburgon, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi tu. Mbwa wake Kali, aliyekuwa akiwatimua fisi mpaka msituni, alianza kunenepa na kulala kutwa kando ya moto. Kipsang akatoa hukumu bila kuuliza mtu: mkewe Chepkosgei alikuwa akimpa mbwa maziwa ya watoto kwa siri.

“Mimi, mwizi wa maziwa?” Chepkosgei akafungasha, akachukua watoto, akaenda zake kwa kaka yake huko Gilgil.

Kali akabaki mikononi mwa Kipsang, akilishwa ugali kiduchu asubuhi na jioni. Akazidi kunenepa! Mtu mwingine angejiuliza maswali. Kipsang aliamua kwamba Chepkosgei alimwachia jirani kazi ya kumlisha.

Kisha manyoya yakapukutika mbavuni, kushoto na kulia sawasawa. Kipsang akadhani ni upele, akamtumbukiza katika josho pamoja na kondoo. Kali akatoka na upara ule ule, na kinyongo.

Kumwita daktari wa mifugo kwa ajili ya mbwa kungemeza mshahara wote. Basi Kipsang alingoja daktari aje kutazama ng'ombe wa bwana, akamfunga Kali mlangoni mwa zizi, mahali ambapo lazima arukwe.

“Hii najikuna?” daktari akauliza kwa Kiswahili chake cha kizungu.

“Hapana, bwana.”

“Nakula sana?”

“Kidogo tu. Lakini moto anaupenda kama mzee.”

Daktari akampapasa shingo. “Pengine si upele, na si chakula. Iko tezi hapa, nafanya kazi polepole, mwili nashindwa kutumia chakula.” Kupima kwa hakika ni ghali, akasema. Akamwachia vidonge vya kujaribu. Mbwa akichangamka baada ya majuma kadhaa, watajua.

Kipsang alisikia neno moja tu: si chakula. Aibu ikamjaa.

Mume anayemfuata mke aliyerudi kwao hupeleka wazee wa kumwombea msamaha. Kipsang aliona haya kuwaeleza wazee kisa chenyewe, akapanda lori la mbao yeye na mbwa wake, mpaka Gilgil.

“Daktari amesema ni ugonjwa wa tezi,” alimwambia Chepkosgei mlangoni. “Hakuna aliyempa maziwa. Nilikukosea, Mama Kimutai.”

Chepkosgei alimtazama Kali kwa huruma, akafungua mlango.

“Huyu aingie, ni mgonjwa,” alisema. “Wewe kalete wazee.”