Mkamateni na Mwantumu

Walimkalisha Mwantumu juu ya taruma la reli kwa sababu pembeni kote kulikuwa tope. Mama mkwe wake alikaa nyuma, akamwegemeza kifuani, miguu ya wote wawili imenyooka katikati ya vyuma. Uchungu ulikuja, ukapita, ukaja tena. Kila ulipokuja, Mwantumu alikishika chuma cha reli kwa mikono miwili na kukiminya kana kwamba kingetoa maji.

"Bado sana?" aliuliza.

"Treni itakuja," alijibu Ukasha, mumewe. "Jana ilishuka, leo lazima ipande."

Asubuhi ile nesi wa zahanati ya Kwedimbala alimpapasa tumbo, akanawa mikono, akasema mtoto amelala kwa upana na hatatoka mpaka kwa kisu, na kisu kiko Korogwe. Gari la wagonjwa lilikuwa Handeni mjini, ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umeondoka na daraja. Mwenye bodaboda mmoja alijaribu. Alirudi anaisukuma pikipiki, peku, viatu vyake vimebaki kwenye tope.

Zamani wala isingekuwa taabu. Reli ilipolala, miti ikaota katikati ya mataruma, watu wa Kwedimbala waliiamsha kwa namna yao. Ukasha alichonga mbao, akafunga beringi za lori chini yake, akapata kiberenge cha kusukuma kwa mti. Kilibeba mkaa, machungwa, mahindi, na wanawake wenye uchungu. Watoto wengi wanaokimbizana leo pale kijijini, mama zao walifika Korogwe wamelala juu ya kiberenge hicho, Ukasha akisukuma na kuwaimbia nyimbo za ngoma, za matusi kidogo, ili wacheke na kusahau.

Kisha ikatangazwa kuwa treni ya mizigo inarudi. Ukasha alikuwa wa kwanza kwenda kufyeka njia, na alifyeka kwa moyo mmoja. Siku treni ilipopita mara ya kwanza alisimama mbele ya watu wote amevaa kanzu ya Idi. Kichwa cha treni kilikuwa kizee, cha dizeli, kilichoundwa kabla yeye hajazaliwa, kimepakwa rangi mpya juu ya kutu. Mgeni rasmi alitoa kipaza sauti dirishani, akasema maendeleo yamewafuata walipo. Wanawake wakapiga vigelegele. Treni haikusimama.

Baada ya siku chache alikuja Afande Kaleb, wa ulinzi wa reli. Alikikuta kiberenge, akakimwagia dizeli, akakichoma.

"Reli ni mali ya umma," alisema.

"Na sisi ni nani?" Ukasha aliuliza.

"Nyinyi ni wananchi," alijibu Kaleb, akazidi kuchochea moto.

Sasa honi ililia upande wa bonde. Ukasha akaichukua kanga nyekundu ambayo Mwantumu alikuwa ameikunja tayari kumpokelea mtoto, akakimbia katikati ya reli kuelekea sauti ilikotoka. Alijua jambo moja ambalo kila aliyekulia kando ya reli analijua: treni haimwogopi mtu, lakini ikiona nyekundu husimama. Alipunga mpaka bega likamuuma. Kichwa kilitokeza kwenye kona kikifuka moshi mweusi, kikapiga honi, kikapiga tena. Hakutoka. Breki zikalia, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine mpaka la mwisho, na lile lichuma likasimama mbele yake likitetemeka, karibu kiasi cha kumchoma uso kwa joto lake.

Dereva alichungulia. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, mtu wa Bungu kwa lafudhi yake.

"Kuna nini mbele, kijana?"

"Shikamoo, mzee wangu. Mbele kuzima. Nina mgonjwa hapa."

Uso ukamshuka mzee. Kabla hajajibu, Afande Kaleb alikwishashuka kutoka behewa la nyuma na alikuwa anakuja kwa miguu, bunduki begani, akikwepa madimbwi ili asichafue buti.

"Reli imeng'oka?" aliuliza.

"Hapana, afande."

"Kuna mti umeanguka?"

"Hapana."

"Ng'ombe?"

"Hapana, afande."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna mke wangu."

Kaleb alimtazama Mwantumu pale alipokaa, kisha akamtazama Ukasha, akatabasamu kwa kumkumbuka.

"Aa, bwana kiberenge! Unajua kusimamisha treni bila hatari ni kosa la jinai?"

"Hatari ipo, afande. Iangalie ile pale inavyohema."

"Hatari ya njia, bwana. Si ya tumbo."

Mzee akasema taratibu kutoka dirishani, "Afande, behewa lako la nyuma lina nafasi. Ni mwendo wa saa moja tu."

"Mzee Ernesti, hii ni treni ya mizigo. Mwenzako aliyewapakia wale wachuuzi yuko wapi leo?"

Mzee Ernesti akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Si yuko kwao Lutindi anachimba viazi? Basi. Shika usukani wako."

"Treni haina usukani," mzee alinong'ona, akarudisha kichwa ndani.

Kaleb akatoa pingu. "Wewe upo chini ya ulinzi. Kituo cha Korogwe. Panda."

Ukasha alinyoosha mikono. Pingu ya kwanza ilipobana ndipo wazo lilipompiga, akashindwa kujizuia kucheka. Korogwe! Mfungwa anapakiwa. Mfungwa ana nafasi!

"Afande," alisema kwa haraka, "mkamateni na Mwantumu. Kanga ni yake. Yeye ndiye aliyenituma. Mimi kichwa changu hakina akili hiyo."

Mwantumu alimwelewa mara moja. Alimshika mama mkwe bega, akajiinua, akasimama amepanua miguu katikati ya reli.

"Ni kweli, afande. Nilimtuma mimi. Nifunge."

"Hata nyumbani ana kiburi huyu," mama mkwe naye akadakia. "Mwanangu anamwendesha atakavyo. Mpelekeni, akaozee huko Korogwe!" Machozi yalikuwa yanamtiririka alipokuwa akisema hivyo.

Kaleb aliwatazama wote watatu. Alitoa redio, akasogea pembeni, akaongea, akasikiliza. Aliporudi uso wake ulikuwa mpole.

"Nimeuliza wakubwa. Mama mjamzito hakamatwi hovyo. Kuna haki za binadamu siku hizi. Serikali si katili, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

Mwantumu alisubiri uchungu upite. Kisha akainama, taratibu, mkono mmoja tumboni, akaokota kokoto la reli, akalirusha kwenye kichwa cha treni. Liligonga chuma, ngwa! Rangi mpya ikabanduka, kutu ikaonekana.

"Haya," alisema. "Na hilo?"

Kaleb alikuwa amegeuka anatazama mawingu.

"Sikuona," alisema. "Mzee Ernesti, umeona kitu?"

Mzee Ernesti alikuwa anatazama viganja vyake.

Mwantumu alirusha la pili. Halikufika. La tatu lilimpata Kaleb kwenye buti. Kaleb aliliangalia, akalisogeza kwa ncha ya kiatu.

"Mvua inachezesha kokoto sana msimu huu," alisema, akamshika Ukasha kwapani. Akaivuta na kanga kutoka mikononi mwake, akaikunja. "Hii ni kielelezo."

"Basi mwachieni hiyo, afande! Atamfunika na nini mtoto?" Ukasha alisema.

"Mtoto gani? Mimi sijaona mtoto."

"Umezaliwa na mtu wewe?" mama mkwe alipiga kelele. "Aliyekuzaa alikunyonyesha nini?"

Walimfunga Ukasha kwenye nguzo ya behewa la mwisho, uso ukiangalia nyuma. Mama alimvuta Mwantumu kando ya reli, kwenye tope, treni ikatoa mguno na kuondoka. Ukasha aliwaona wakipita chini yake, karibu sana, Mwantumu amefumba macho. Akamwita. Makelele ya mabehewa yaliimeza sauti. Wakaanza kuwa wadogo.

Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, Kaleb akachungulia mbele kuangalia mizigo. Akaikamata redio yake, akaruka mlangoni, akapunga mkono mbele kwa nguvu.

"Simamisha! Simamisha, mzee! Turubai limefunguka behewa la nne!"

Breki zikalia. Treni ikasimama katikati ya pori.

"Ni saruji," Kaleb alimwambia Ukasha huku akishuka, kama mtu anayemweleza jirani. "Ikilowa kidogo tu inaganda. Hasara tupu."

Alipanda juu ya behewa la nne yeye mwenyewe. Mzee Ernesti naye alishuka kumsaidia. Walilivuta lile turubai kutoka pande zote mbili, wakaifunika mifuko, wakachomeka pindo chini yake vizuri, polepole, upepo usipate pa kuingilia.

Reli pale ilikuwa imenyooka. Ukasha alitazama nyuma na kuwaona watu wawili wadogo wakitoka kwenye tope na kupanda tena juu ya mataruma. Mmoja akanyoosha mkono kuonyesha treni. Walisimama kidogo, kama watu wasioamini macho yao. Kisha mama yake akaanza kupunga mikono yote miwili hewani, na Mwantumu, amelishika tumbo kwa chini, akaanza kukimbia.

Ukasha alifungua kinywa. Hakujua awaambie waje, au warudi.

"Vuta huko, mzee," Kaleb alisema juu ya behewa. "Imebaki kamba moja tu, tuondoke."