Kiti cha Mkurugenzi na Nyonga ya Mke wa Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa kwenye benchi la wodi ya mifupa, anamenya chungwa la mkewe, daktari alipotoka na pakiti mkononi. Mkewe alikuwa ametumbukia kwenye mtaro wa sokoni, ule ambao wakubwa wanaahidi kuufunika kila wakitaka kura, na nyonga ikavunjika.

"Chuma chenyewe ndicho hiki, mzee wangu," daktari alisema. "Shida kimekaa mno stoo. Vyuma hivi navyo vinazeeka. Vinashika uchafu wa hewani, macho hayauoni, ila mfupa unaujua na hautaki. Kikimulikwa kwanza na ile taa ya mwanga wa zambarau, uchafu unatoka, mfupa unakishika hauachii."

"Si mkimulike, basi?"

"Taa iko ofisini kwa mkurugenzi."

Ilikuwa huko kweli, nyuma ya kiti chake. Mlango wa kisanduku cha taa alikuwa ameung'oa ili mwanga utokee vizuri akipigwa picha na wageni. Waliomuuzia taa walimzawadia na hicho kiti, cha chuma kilekile wanachowekewa watu mifupani. Kingetosha nyonga za mtaa mzima. Akienda kula, taa ilibaki inakimulika.

"Mheshimiwa, naiomba taa kidogo tu," fundi viatu alisema. "Nitaibeba mwenyewe."

"Ikikuponyoka kwenye ngazi, je? Wewe shona viatu, baba. Mambo ya kitaalamu tuachie sisi."

Wakaachiwa. Mkewe akawekewa chuma kilichozeeka, na mfupa ukakikataa.

"Baba watoto, kinatembea humu ndani kama mpangaji anayehamisha vyombo," mkewe alisema. Akacheka, halafu akauma shuka. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa usaha. Daktari akasema watamwekea chuma kingine, ila safari hii bila taa ni kazi bure.

Wiki hiyohiyo mkurugenzi alirudi kutoka kula, akaketi, na mfupa wake wa nyonga ukashikana na kiti. Suruali haikuzuia kitu. Alipotaka kuinuka kumpokea mgeni, kiti kikainuka naye. Mgeni akampa mkono, wakaendelea na mazungumzo.

Baadaye daktari aliitwa. Akampiga picha ya mifupa, akaiinua dirishani.

"Mfupa umeshika vizuri sana," alisema. "Hongera, mheshimiwa. Taa inafanya kazi."

Bodi ikakutana, ikamsifu mkurugenzi kwa kuutoa mwili wake kwa ajili ya sayansi. Mlango wa ofisi ukabomolewa, ukapanuliwa. Wabebaji wa wodi ya mifupa wakahamishiwa kwake, na wagonjwa wakaambiwa wasaidiwe na ndugu zao.

Fundi viatu akapanda tena ngazi. "Sasa mheshimiwa umeshajionea mwenyewe. Mke wangu anaoza."

"Pole sana. Lakini nikiwapa taa, halafu mfupa wangu ukalegea, hospitali hii itaongozwa na nani?"

"Na mtu anayeweza kusimama."

Mkurugenzi akacheka mpaka kiti kikalia kwenye maungio. Kisha akabonyeza kengele, mlinzi akaja kumsindikiza mzee.

Usaha ukaingia kwenye damu, na mke wa fundi viatu akafa akimuuliza mumewe kama amekula.

Mkurugenzi alifika mazikoni, maana alipenda aonekane anajali. Wabebaji wakamtua ukingoni kabisa mwa kaburi, mahali penye kivuli. Watu waliposimama kumwombea marehemu, yeye alibaki ameketi, wala hakuna aliyemlaumu. Mtu na mfupa wake. Akazungumza kirefu kuhusu mafanikio ya taa. Udongo ulikuwa mbichi. Alipofika kwenye mipango ya mwaka ujao, miguu ya kiti ilikuwa imezama, na mheshimiwa ameinamia shimo.

Wabebaji wakavuta, wapi. Wakaangaza huku na huku wakitafuta mtu mwenye mabega.

Fundi viatu akaweka koleo chini. Akapita kando ya jeneza la mkewe, akapiga magoti, akashika mguu wa kiti uliozama zaidi.

"Taratibu hapo, mzee wangu," mkurugenzi alisema. "Panauma."

Akanyanyua taratibu. Kaburi likangoja.