Walianza Kunirithi

Walianza kunirithi wiki ile ile niliposema nimepata nafasi ya kusoma Uingereza.

Doris, binti wa baba mdogo, alikitaka kitanda changu. Hakuniuliza kama ninakipenda au kama nitarudi kukilalia. Alikaa juu yake, akakitikisa, akasema kiko imara. Mwalimu mwenzangu kule shuleni Rau akaomba baiskeli. Jirani akaja kukagua sufuria. Nilikuwa naenda mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu, shahada ya uzamili, Leeds, halafu nirudi kwenye darasa langu la kemia, kwenye chaki na mirija yangu iliyopasuka. Lakini watu waliniangalia kama marehemu anayetembea, na marehemu hana haja ya kitanda.

Halafu ushauri. Watu ambao hawajawahi kuvuka Himo, mji wa jirani tu, walinieleza habari za Uingereza mpaka masikio yakauma. Usiolewe na Mzungu, Salvina. Ukiolewa na Mzungu, basi awe Mkatoliki. Usinywe maji ya bomba la huko, yana baridi yatakuua. Niliitikia ndiyo shangazi, ndiyo mjomba, huku nikisaga meno.

Nilipiga picha ya kifua hospitali ya Mawenzi, wakaandika kwamba mapafu yangu ni mazima. Nilinunua koti la baridi kwenye mitumba pale Memorial, zito kama gunia la mbolea, na ndani ya kola lilikuwa na kitambaa chenye jina la duka la huko huko Uingereza. Koti lilikuwa limetangulia kuja Moshi, sasa nalirudisha kwao. Mama alilicheka sana jambo hilo. Mama yangu, Mektrida, si mtu wa kucheka ovyo, na mwezi ule hakucheka tena.

Nilikwenda Dar es Salaam kufuatilia viza, nikakaa huko karibu wiki mbili. Niliporudi nayo kwenye pasipoti, sikuingia hata ndani. Niliweka begi barazani nikashuka moja kwa moja kumwambia baba.

Baba alizikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama tunavyozika wote kwetu Kilema, katikati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Ndiye aliyekataa niozwe nilipomaliza darasa la saba, akagombana na ndugu zake wote kwa ajili hiyo. Nilitaka awe wa kwanza kusikia.

Nilifika nikakosa pa kusimama.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu mpaka hauwekwi kwa waya. Unawekwa kwa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo hubaki mibichi mwaka mzima. Babu alipowagawia kihamba watoto wake wawili, baba yangu Basili na mdogo wake Leodegar, alipanda mstari wa masale kati yao, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Isale halichezewi. Hilo hilo hupandwa makaburini, na hilo hilo hubebwa na mtu aliyekosa anapokwenda kuomba radhi. Ukiletewa isale, unasamehe. Hata kama mtu amemuua ng'ombe wako, unasamehe.

Sasa mstari ule ulikuwa umehama. Masale ya babu yalikuwa yamepandwa upya miguuni kabisa mwa kaburi la baba, majani yamenyauka ncha, udongo bado mbichi. Safu nzima ya migomba anayoitegemea mama, pamoja na mibuni ya baba, ilikuwa imebaki ng'ambo ya pili. Kule yalikong'olewa yalibaki mashimo tu. Ili nimwombee baba yangu ilinibidi nisimame kwa baba mdogo.

Sikuomba. Nilirudi juu, nikamkuta mama jikoni anamenya ndizi.

"Mama, umeona kule chini?"

"Nimeona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili ulipoondoka." Hakuinua macho. "Ningekutumia salamu, ungerudi bila viza. Nakujua."

Alikuwa kweli ananijua. Nilimkasirikia hata yeye, na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Baba mdogo Leodegar nilimkuta kwake, anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Mama Uingereza." Alikuwa amenipa jina hilo na alilifurahia sana. "Viza imetoka?"

"Imetoka. Masale yamehama."

"Yalikuwa yananibana. Ng'ombe hapiti."

"Ng'ombe wako hatoki bandani mwaka wa nne huu. Anapita kwenda wapi?"

Akacheka, akaweka panga chini. "Salvina, mwanangu. Wewe unaenda Ulaya. Mtu wa Ulaya anagombania migomba?"

"Mama anabaki."

"Mama yako mtu mzima. Atakula ndizi ngapi? Na kaka huna. Kesho kutwa utaolewa huko, kihamba kitabaki na nani? Mimi natunza tu."

Natunza tu. Nilitamani kumzaba kofi, mtu wa umri wa baba yangu, na sioni haya kulisema. Miaka yote baba akiwa hai, mtu huyu alimwita kaka kwa heshima na hakugusa hata jani. Baba alipofariki alilia kuliko wote, mpaka wakamshika. Alingoja tu siku ambayo mtu wa pekee mwenye mdomo katika nyumba ile angepanda basi kwenda Dar.

Nilipeleka shauri kwa mzee Fabian, mkubwa wa ukoo. Alinisikiliza, akanikaribisha maziwa, akaniuliza Leeds iko mbali gani na London. Halafu akasema, "Lakini wewe si unaenda Ulaya?" Shangazi naye akasema vile vile. Hata katekista. Maneno yale yale, kana kwamba walikaa kikao wakayapitisha. Kumbe ningekuwa sina shule, ningekuwa msichana mjinga asiye na haki ya kusema. Sasa ninayo, nimekuwa msomi asiye na haja ya ardhi. Nikawauliza ni lini hasa katika maisha yangu nilitakiwa kuwa na mpaka.

Ndipo niliposema nitakwenda baraza la kata. Na kama shauri litasikilizwa baada ya tarehe ya safari, basi siendi. Wafadhili walikuwa wameandika wazi kwamba nafasi haiahirishwi, nisipofika anapewa mwingine. Niliijua maana yake. Nilikuwa nimeiomba miaka mitatu mfululizo, nikanyimwa miwili. Lakini sikuweza kujiona nimekaa kwenye maktaba ya watu, nimevaa koti, wakati mama anaomba ruhusa kukata mkungu alioupanda mwenyewe.

Mama alilia usiku ule na mchana uliofuata. "Baba yako hakugombana na watu wale wote ili ubaki unalinda migomba," alisema. Hata hivyo nikaenda kuliandikisha shauri.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, baada ya misa, watu walijaa uani kwetu kuniaga. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, nyama ilikuwepo. Mashangazi wakanilazimisha nivae lile koti waone nitakavyokuwa huko. Nikalivaa juani, jasho likanitiririka mgongoni, wao wakashangilia. Baraza lilikuwa halijanipangia siku. Mpaka asubuhi ile sikuwa nimemwambia mtu kama ndege ya Jumanne nitaipanda au sitaipanda, kwa sababu mwenyewe sikujua.

Mzee Fabian akasimama na kata ya mbege mkononi. Akasema safari ni baraka. Akasema binti hawezi kuvuka bahari akiwa na kinyongo na damu yake. Nikajua kilichopangwa.

"Leodegar," akaita, "njoo."

Watu wengine wakija kuomba radhi huleta jani moja tu la isale, wamelifunga fundo, wameinamisha kichwa. Baba mdogo si mtu wa jani moja. Kanisani hukaa benchi la mbele hata siku asiyotoa sadaka. Alitokea nyuma ya banda na kichwa kizima cha isale, kimekatwa na shina lake refu, amekibeba mbele yake kama shemasi anayebeba msalaba. Akapiga goti mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, na sauti ilifika hadi barabarani, "kama kuna lolote lililokukwaza, nisamehe."

Kama. Lolote. Watu wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Shangazi mmoja akafuta machozi.

"Lolote lipi, baba mdogo?" nikauliza.

Mzee Fabian akaishusha kata ya mbege.

"Salvina," mzee Fabian akasema taratibu, "isale halihojiwi."

"Sihoji isale, mzee. Nauliza ili nijue ninasamehe nini."

"Yote," akasema baba mdogo, bado amepiga goti. "Nisamehe yote."

"Na mpaka utarudi mahali pake?"

Mzee Fabian akajibu badala yake. "Ukishapokea, jambo limekwisha. Hakuna baraza tena. Mpaka unabaki ulivyo, na wewe unasafiri kwa amani. Ndiyo desturi."

Mama alikuwa amesimama kando yangu. Akanivuta mkono wa koti. "Pokea, mwanangu," akaninong'oneza. "Pokea usafiri."

Kulikataa isale mbele ya watu ni kujitoa katika ukoo, na mimi ningepanda ndege au basi nikaondoka, lakini mama ndiye angebaki akipishwa njiani kama mwenye ugonjwa. Walilijua hilo. Walikuwa wamechukua kitu kitakatifu kuliko vyote tulivyonavyo, kitu ambacho babu yangu aliwapatanisha nacho watu waliotaka kuuana, wakakifanya kufuli la kufungia wizi. Nilihisi ninaweza kupiga yowe. Badala yake niliinamisha macho nikaangalia lile isale.

Lilikuwa limekatwa vizuri. Shina bichi, mkato wa mshazari, maji yake bado hayajakauka. Mtoto yeyote wa Kilema anajua kwamba shina la isale ukilichomeka ardhini linaota, hata ukilisahau.

Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, baba mdogo."

Moyoni sikuwa nimesamehe hata punje. Vigelegele vikalipuka. Baba mdogo akainuka, akajifuta vumbi gotini, akapokea kata ya mbege. "Aika, mbe," akamshukuru mzee Fabian, wakacheka pamoja.

Mimi nikaanza kutembea. Nilipita banda la ng'ombe wetu, nikashuka kati ya migomba, na lile koti mwilini. Walidhani nampelekea baba isale, na ni jambo zuri, kwa hiyo mashangazi wakanifuata wakiimba wimbo wa Mama Maria. Nikafika kaburini. Nikapita. Nikaruka masale yaliyohamishwa, nikaendelea hadi kwenye mashimo. Wimbo ukafa.

Nikapiga magoti, nikalichomeka isale la baba mdogo kwenye shimo la kwanza, nikalishindilia udongo kwa viganja.

"Msamaha wako nimeupokea," nikasema, nimewageukia wote. "Na nimeupanda hapa, mahali ulipokosea. Anayetaka kung'oa isale la msamaha na aje aling'oe, watu wakiona."

Hakuna mtu pale aliyeijua desturi kuliko mzee Fabian. Anayeling'oa isale aliloombea radhi amelirudisha kosa kichwani mwake, na ukoo hauna ruhusa ya kumtetea tena. Wangelisema nini? Nililipokea. Nilisamehe. Kila mtu alisikia.

Baba mdogo ndiye aliyepata sauti. Alicheka, ila safari hii kwa pua tu.

"Isale moja," akasema. "Haya. Na hayo mashimo mengine? Wewe Jumanne uko kwenye ndege. Nani atalimwagilia? Nani atalilinda? Unaenda Ulaya, Salvina."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo na koti la Wazungu, mikono michafu hadi kwenye viwiko, na mtu yule alikuwa amesema kweli. Ningebaki siku mbili, au ningebaki maisha yangu yote nikilinda mmea. Hayo ndiyo aliyoniachia nichague.

Mama alikuwa ameshuka nyuma yetu bila mtu kumwona. Kitenge alikuwa amekifunga kiunoni kama siku ya kupalilia, na mkononi alikuwa na jembe. Hakumwangalia shemeji yake, wala mzee Fabian, wala mimi. Alikwenda kwenye mstari mpya, miguuni mwa kaburi la baba, akachimbua isale la kwanza pamoja na udongo wake. Akalibeba kifuani, akapita katikati ya watu nao wakampisha, akalishusha kwenye shimo lililofuata lile langu. Akalikanyagia udongo kwa kisigino, pande zote.

"Mimi siendi Ulaya," akasema, akarudi kuchimbua la pili.