Kiingereza cha Karani Alfayo

Phelis alikuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili, na mkunga alikuwa amekata tamaa. Alisema mama huyu apelekwe hospitali Kericho upesi, la sivyo wasimlaumu. Huku upande wa Kimulot gari lilikuwa moja tu, lori la masanduku ya chai, nalo lilikuwa linawashwa.

Alfayo, mumewe, alikuwa karani wa shamba. Alimwomba meneja kwa Kiswahili kile kibovu ambacho wazungu walipenda kukisikia kwa watu weusi. Meneja akasema lori ni la chai, na kwamba wanawake wa huku huzaa vichakani kama mbuzi.

Damu ikamchemka Alfayo. Misheni walimfundisha Kiingereza, na katika daftari lake alikuwa na ukurasa mzima wa jinsi waungwana wa Uingereza wanavyopingana bila kutukanana. Jioni alikuwa akimsomea Phelis, wakacheka mpaka machozi. Maskini, alidhani mzungu akisikia maneno ya kwao atalainika. Akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Kwa heshima zote, bwana, naomba kutofautiana nawe. Na hilo la mbuzi limeniumiza."

Meneja akawa mwekundu hadi masikioni. Alielewa kila neno, na hilo ndilo lililomuudhi. Katika shamba lile mtu mweusi hakumjibu bwana kwa Kiingereza. Kufanya hivyo kulikuwa kujifanya sawa naye. Alfayo alilijua jambo hilo tangu siku aliyoandikwa kazi, ila hofu ilimsahaulisha.

Meneja akamwashiria dereva aondoke. Alfayo akapiga magoti matopeni, akakirudia Kiswahili kile kibovu.

"Saidia mimi, bwana. Mimi jinga."

Lori likampita. Nyuma, kando ya masanduku, palikuwa na nafasi ya kulaza watu wanne.

Basi yeye na jirani yake Amolo wakafunga blanketi kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, wakamlaza Phelis ndani, wakashika njia kwa miguu. Blanketi lilikuwa limeanza kulowa damu walipofika kona ya tatu, na hapo Phelis akafumbua macho.

"Baba Jerusa, ulimwambia vile tulisoma?"

"Nilimwambia."

"Na akaelewa?"

"Alielewa sana," Alfayo akasema, akaongeza mwendo.

Phelis akatabasamu kidogo. Hakuuliza tena.