Mwalimu Severini Apakwa Unga

Severini, mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Ruponda, alikuwa amechoka kueleza. Kwenye damu kuna protini saidizi. Hazimli kijidudu, humganda, humpaka alama, kisha huziita chembe nyeupe zije zimmalize. Darasa likamtazama kama mbuzi wanaotazama mvua.

Basi akawatoa uwanjani. “Mimi kijidudu. Catherine, wewe protini: nipake unga kichwani, halafu piga kigelegele uwaite wenzako. Nyie wengine chembe nyeupe. Mkisikia tu, nivamieni!”

Catherine akampaka, akapiga kigelegele. Chembe nyeupe hazikusogea hata hatua. Nani amguse mwalimu?

“Nivamieni, wazembe nyie!” akafoka.

Waliomvamia ni kina mama waliokuwa wakipita na ndoo zao kutoka mashine ya kusaga. Waliona kichwa kimepakwa unga, wakasikia kigelegele, na kwao hilo lilikuwa na maana moja tu: mwali, kijana aliyekwisha kufundwa, anatoka jandoni.

“Maskini, kumbe miaka yote hii mwalimu alikuwa hajachezwa, hajapita jando!” alisema Bibi Serafina, akatua ndoo. Wakamnyanyua mabegani, wakazunguka naye uwanja wakiimba. Hapo ndipo chembe nyeupe zikapata moyo, zikaja mbio zote, zikamzonga.

“Nishusheni! Mimi ni kijidudu!” Severini alilia huko juu.

Bibi Serafina akamchapa kofi mguuni. “Nyamaza! Mwali haongei.”