Musalaba wa chaki

Mwaka ule Chama kilichotawala Zaïre kilipoondoa somo la dini mashuleni na kushusha misalaba ukutani, huku majina ya ubatizo yamekwisha kukatazwa, Maman Adolphine alikuwa akifundisha mwaka wa kwanza katika shule moja ya musingi, juu ya kilima, mutaa wa Kadutu. Alikuwa mujane mwenye binti wawili. Watoto arobaini na wanane wa darasa lake aliwachunga kuliko alivyojichunga mwenyewe.

Asubuhi watoto waliimba na kucheza ngoma za kukisifu Chama uwanjani, kisha wakaingia darasani. Sala ilikatazwa. Directeur Télesphore, mukuu wa shule, alishamuonya mara mbili.

"Maman Adolphine, miye mugongo yangu haiwezi kulala kwa simenti ya cachot, kule kifungoni. Ukitaka kuomba, omba kwako, na dirisha ufunge."

"Ndiyo, directeur."

"Ile ndiyo yako naijua. Iko ndiyo ya mutu mwenye kusema hapana."

Directeur alimujua vizuri. Adolphine hakuweza kuona watoto wanafungua daftari bila kumusalimu Yule aliyewaamusha. Basi akawafundisha njia ya kimya: mikono chini ya benchi, kidole gumba cha kuume kichore musalaba katika kiganja cha kushoto, midomo ifungwe. "Mumwambie Mungu jambo moja tu, lakini liwe la kweli," aliwaambia. "Na musionyeshe mutu." Aliyepita dirishani aliona tu watoto watulivu, akamusifu mwalimu.

Hata hivyo hakupata usingizi mzuri tena. Katekista wa parokia ya jirani alichukuliwa na askari wakati wa Majilio. Aliporudi baada ya majuma matatu, watu walimuuliza habari, naye akawauliza habari za mihogo yao.

Alhamisi moja, mulango ulifunguliwa bila kubishwa. Directeur aliingia kwanza, shingo imelowa jasho. Nyuma yake alikuja mujumbe wa Chama, abakosti, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi, beji kifuani. Watoto wakasimama na kutoa salamu yao kwa nguvu. Mujumbe akauliza maswali juu ya bendera na Chama, wakajibu yote. Adolphine akaanza kupumua.

"Vizuri, citoyenne," mujumbe alisema, kwani siku hizo kila mutu aliitwa mwananchi. "Sasa usafi. Mikono mbele, nione makucha!"

Akapita benchi kwa benchi. Kwenye benchi ya tatu akasimama. Katika kiganja cha mutoto aliyeandikwa Mushagalusa, ambaye Adolphine alimwita Emile kwa sauti ya chini kama alivyobatizwa, kulikuwa na musalaba mweupe wa chaki, mukubwa, toka kidole mpaka kifundo.

"Hii ni nini?"

"Ni ya Mungu aone," Emile alijibu. "Kule chini ya benchi iko giza."

Mutoto mumoja alicheka, kisha akajiziba mudomo. Directeur aliangalia viatu vyake.

"Nani alikufundisha?"

Emile akageuka kumutazama mwalimu wake. Akaona uso wake, akaelewa.

"Nilijifundisha miye mwenyewe."

"Weye? Na meno ya mbele hauna bado!" Mujumbe alitoa kalamu. "Baba yako ni nani?"

"Papa Lucien. Anashonaka viatu kule soko."

"Lucien? Katika Zaïre hii ba Lucien walishakufa wote. Basi, huyo marehemu atakuja kutujibia kwa ofisi."

Emile akaanza kulia bila sauti, mukono ungali mbele.

Adolphine alishika ukingo wa meza. Akinyamaza tu, jioni atapika pamoja na binti zake, naye fundi viatu ataulizwa jambo asilolijua, na hawatamwamini. Alisikia mutu anasema, na mutu huyo alikuwa yeye.

"Ni miye. Wote niliwafundisha miye. Mutoto amesema bongo, amedanganya kwa kunihurumia."

Mujumbe hakukasirika, na hilo lilimutisha zaidi. Aliandika jina lake polepole, akauliza mutaa anaokaa, akaandika tena. "Lundi, saa mbili, ofisi ya zone. Ulete kitambulisho." Kisha akatoka, directeur nyuma yake akiomba samahani, samahani sana, citoyen.

Adolphine akapiga magoti mbele ya Emile.

"Kwa nini ulisema bongo?"

"Weye ulisema tusionyeshe mutu."

Miezi ile yote Adolphine alifikiri anawafundisha sala, kumbe alikuwa akiwafundisha woga wake pia, nao waliushika kuliko alfabeti. Siku nne zilibaki mpaka Jumatatu hiyo. Baada ya hapo, nani angesimama mbele yao, na angewaambia nini?

"Batoto, mikono juu ya benchi," alisema. "Juu, hapa, mahali mwangaza iko."

Mikono ikapanda mumoja mumoja. Mingine ilirudi chini, ikapanda tena. Yeye mwenyewe akainua wake mbele ya watoto wote, na hakuuficha.

"Kwa jina la Baba," alianza, kwa sauti.

Uwanjani nyayo za wale wawili zilikuwa bado zinasikika kwenye changarawe. Zikasimama. Hakuangalia mulango.

"Na la Mwana," alisema, na watoto wakasema pamoja naye.